Kabla ya Dawa, Maswali: Kumtumia Daktari wa Simu kwa Tumbo Linalosumbua Kila Wiki

Mjini Bujumbura neno gastriti limekuwa jina la kila maumivu yanayokaa kati ya kifua na kitovu. Anayepandwa na kiungulia baada ya mukeke wa kukaanga husema ana gastriti. Anayeshiba kwa matonge mawili ya ugali na isombe, akabaki na tumbo zito hadi jioni, husema ni gastriti. Anayeamshwa saa nane za usiku na maumivu ya chembe ya moyo, pale mbavu zinapokutana, akatulia akinywa maziwa, naye husema hivyo hivyo. Jina likishakuwa moja, dawa nayo huwa moja: mtoto hutumwa duka la dawa la jirani na faranga chache, akarudi na vidonge vya omeprazole vilivyokatwa kwa mkasi, bila boksi wala maelezo. Vikiisha na maumivu yakirudi, mtoto hutumwa tena. Wapo walioishi hivyo kwa miaka, Buyenzi hadi Kanyosha, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuwauliza swali moja la maana kuhusu tumbo lao.

Sasa ipo njia nyingine ambayo wengi wameanza kuijaribu: kuongea na daktari kwa simu, iwe kwa sauti, kwa video, kwa ujumbe wa WhatsApp au kupitia huduma rasmi ya mtandaoni. Makala hii inaitetea njia hiyo, kwa sharti moja. Kwa tumbo linalosumbua mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa mwezi mzima au zaidi, daktari wa simu anaweza kukufaa sana, wakati mwingine kuliko foleni ya asubuhi nzima inayoishia kwenye mazungumzo ya dakika tatu. Sababu ni kwamba ugonjwa huu hutambuliwa kwa maelezo zaidi kuliko kwa mkono. Ndiyo maana thamani yote ya huduma hiyo imo katika maswali. Sharti lenyewe ni hili: mpime daktari wa mtandaoni kwa anayokuuliza kabla ya kutaja dawa. Asiyeuliza amekuuzia vidonge tu, na vidonge ungevipata kwa jirani.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba uganga wenyewe umo katika vipimo, na kwamba mazungumzo ya mwanzo ni salamu tu. Ushahidi hauko hivyo. Mwaka 1975 Hampton na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa wapya 80 waliofika kliniki ya magonjwa ya ndani. Madaktari waliandika ugonjwa wanaoufikiria baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa, wakaandika tena baada ya kumpima kwa mikono, na mara ya tatu baada ya majibu ya maabara. Kwa wagonjwa 66 kati ya 80, jibu lililotokana na maelezo ndilo lililosimama hadi mwisho. Kupima kwa mikono kulibadilisha jibu kwa wagonjwa saba, na maabara kwa saba wengine. Maabara za leo zimeipita mbali ile ya 1975, lakini funzo halijazeeka: mgonjwa anapopewa nafasi ya kueleza, na daktari anapojua la kuuliza, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla ya mtu kuvua shati. Na maelezo ni kitu ambacho simu hukibeba vizuri.

Tumbo lenyewe linathibitisha hoja hii kuliko viungo vingine. Watu wenye maumivu ya chembe ya moyo wanapotazamwa kwa kamera, ile fibroskopi ambayo wengi huiogopa na wachache humudu bei yake, tafiti nyingi duniani zinaonyesha kwamba saba au nane kati ya kumi hawakutwi na kidonda wala uvimbe. Watu hao hawadanganyi. Tumbo lao linaonekana zima lakini halifanyi kazi sawasawa: halitanuki vizuri chakula kinapoingia, huchelewa kukisukuma, au mishipa yake ya fahamu huhisi maumivu pale ambapo tumbo la mwingine lingenyamaza. Kamera haioni hayo. Huonekana katika mpangilio wa dalili. Kuungua kunakopanda hadi kooni mtu akilala baada ya mlo mzito huelekea kuwa asidi inayorudi kwenye umio. Maumivu yanayokuja na njaa na kutulia mtu akila humfanya daktari afikirie kidonda. Kushiba upesi na uzito wa saa kadhaa huelekeza kwenye tumbo lile lisilofanya kazi sawasawa. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayofuata chakula chenye mafuta mengi ya mawese, huelekeza kwenye mawe ya nyongo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha kuwa ushahidi kikiwa peke yake, lakini vyote humwonyesha daktari aanzie wapi.

Baada ya maelezo, kipimo kimoja kinastahili kuzungumzwa mapema. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua bakteria anayeishi ndani ya tumbo, ambaye sasa anaitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuamini kwamba kiumbe anaweza kuishi katika asidi kali namna ile, na mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao, akaugua tumbo, akathibitisha hoja yake. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Takribani nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa na bakteria huyu, na Afrika ni miongoni mwa sehemu anakoenea zaidi. Wengi hawaugui, lakini ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, na tangu 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limemweka katika kundi la visababishi vya saratani. Kwa mtu aliye chini ya miaka 60 asiye na dalili za hatari, miongozo ya madaktari wa tumbo inashauri apimwe bakteria huyu kwanza, bila kukimbilia kamera.

Hapo ndipo daktari wa simu anaweza kukuokolea pesa au kukupotezea. Kile kipimo cha damu cha haraka, chenye mistari kama cha mimba, huonyesha kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki kwa miaka hata bakteria akishakufa. Mtu aliyetibiwa mwaka juzi anaweza kupimwa leo, akaambiwa bado anaye, akamezeshwa dawa kali za bure. Kipimo cha choo kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, au kile cha pumzi, ndicho kinachoonyesha kama yupo sasa. Lakini nacho hudanganywa: aliyemeza omeprazole katika wiki mbili zilizopita, au antibiotiki katika wiki nne zilizopita, anaweza kuambiwa hana wakati anaye. Daktari anayekutuma labo bila kuuliza umemeza nini mwezi huu amekutuma ukanunue jibu lisiloaminika. Ukikutwa naye, tiba kwa kawaida ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, na haifai kukatishwa siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia. Metronidazole, ambayo huku kwetu hunywewa kwa kila kuhara, imeshazoeleka kwa bakteria wengi wa Afrika. Kwa hiyo ni lazima daktari ajue umeshainywa mara ngapi, na lazima upimwe tena wiki nne au zaidi baada ya kumaliza dozi. Tujue pia kwamba kumwondoa bakteria huponya vidonda, ila kwa wasio na kidonda, nafuu huwafikia baadhi tu.

Basi maswali gani uyatarajie? Daktari makini ataanza na muda: tangu lini, mara ngapi kwa wiki, saa ngapi za siku. Atauliza mahali, akikutaka uweke kidole kimoja panapouma badala ya kupapasa tumbo zima. Atauliza kama unakonda bila kutaka, kama chakula kinakwama kikishuka, choo kina rangi gani, kama kuna mimba, na kama katika familia kuna aliyepata saratani ya tumbo au umio. Kisha atauliza kila kinachoingia mdomoni, si chakula tu: pombe, sigara, kahawa ya tumbo tupu, magadi, umuravumba na dawa nyingine za majani. Zaidi ya yote atauliza dawa za maumivu. Diclofenac, ibuprofen na aspirini, zinazonunuliwa kwa mgongo na magoti bila mtu kuandikiwa, huweza kula ukuta wa tumbo na hata kuutoboa. Mtu anaweza kutibiwa gastriti mwaka mzima kumbe anayoitibu asubuhi anaitengeneza jioni kwa kidonge cha mgongo.

Lipo swali jingine ambalo aibu hulificha. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir, ambazo ndizo zilizoenea katika Afrika Mashariki, akinywa ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, yenye magnesiamu au aluminiamu, kwa wakati mmoja na dawa yake, tumbo litatulia lakini dolutegravir haitaingia mwilini inavyotakiwa. Inabidi dolutegravir itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita baadaye. Muuza duka hawezi kulijua hili kwa sababu hajauliza, na mgonjwa halitaji kwa sababu jirani wa foleni anasikiliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Chumba chako mwenyewe, mlango umefungwa na simu sikioni, ni mahali pazuri pa kusema usiloweza kulisema mbele ya watu.

Kwa kuwa maelezo ndiyo mtaji, mgonjwa naye ana kazi yake. Chukua daftari la mtoto la shule, andika kwa siku saba kabla ya kumpigia daktari. Usiandike insha, mstari mmoja unatosha. Kwa mfano: “Jumatatu saa saba mchana, ugali na ndagala zenye pilipili. Saa nane na nusu tumbo limejaa, nacheua, hakuna kuungua. Jumanne sikula asubuhi, kahawa vikombe viwili. Saa tano maumivu chembe ya moyo, sita kati ya kumi. Nikala ndizi, yakapungua. Usiku diclofenac moja, mgongo. Jumatano saa tisa usiku niliamka naungua.” Mistari hiyo michache ina habari ambazo mgonjwa mwenyewe hakuziona: njaa inaamsha maumivu, chakula kinayatuliza, na kidonge cha mgongo kilitangulia usiku mbaya. Ongeza picha za pande zote mbili za kila karatasi ya vidonge unavyotumia, pale penye jina, miligramu na tarehe ya kuisha. Pima uzito kwenye mizani yoyote uipatayo, uandike tarehe. Kisha tuma vyote pamoja, kwa ujumbe ulionyooka: “Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, tumbo linanisumbua tangu mwezi wa tatu, sina mimba, nimekutumia kumbukumbu za siku saba na dawa ninazotumia.” Daktari akipokea ujumbe kama huo hana kisingizio cha kukujibu kwa neno moja.

Sasa tuseme wazi simu inapokomea. Usipige simu ya ushauri wala kusubiri ujumbe ujibiwe ukitapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, ukipata choo cheusi kinachong'aa kama lami, tumbo likiwa gumu kama ubao, au maumivu yakikuangusha ghafla. Nenda hospitali iliyo karibu nawe saa hiyo hiyo, iwe Prince Régent Charles, Prince Louis Rwagasore, Kira au hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge. Kwa walioishi kando ya ziwa Tanganyika au bonde la Rusizi, kutapika damu kuna maana moja zaidi: kichocho cha matumbo, kinachopatikana kwenye maji hayo, huweza kuharibu ini kwa miaka kimya kimya na kuvimbisha mishipa ya umio hadi ipasuke. Vilevile mgandamizo kifuani unaokuja na jasho baridi, pumzi kubana, au maumivu ya taya na mkono wa kushoto si kiungulia hadi moyo upimwe, hasa kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu, au umri mkubwa.

Zipo pia dalili zisizo za dakika hii lakini zisizostahili kutibiwa kwa simu wiki baada ya wiki: kukonda, kutapika kila siku, upungufu wa damu, uvimbe unaoshikika, macho kuwa ya manjano, na maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 60. Ya kuogopwa zaidi kwetu ni chakula kukwama kooni au kifuani. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na nchini Kenya imekutwa hata kwa vijana walio chini ya miaka 30. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura ambaye ugali umeanza kumkwama, akahamia uji, asifarijiwe na ujana wake. Daktari wa simu mwenye uaminifu akisikia neno hilo ataacha kuandika dawa, ataandika rufaa ya kamera. Hilo nalo ni kipimo chake.

Pingamizi la kwanza ni la heshima: daktari gani huyo asiyenigusa? Ni kweli kwamba simu haiwezi kubonyeza tumbo na kuhisi uvimbe, wala kupima shinikizo la damu. Lakini si kipofu kabisa. Ukisimama dirishani mchana, ukavuta ukope wa chini na kupiga picha, daktari ataona kama ndani kumepauka kwa kukosa damu. Atatazama weupe wa jicho kama umegeuka manjano. Kwa video atakuelekeza ubonyeze wapi na umweleze kinachotokea. Palipobaki, tuchanganye njia mbili: mguso wa mara moja kwenye kituo cha afya cha mtaa, ambako muuguzi atapima uzito, shinikizo na wekundu wa damu, kisha mazungumzo na ufuatiliaji vyote kwa simu. Mtindo huu si mgeni. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, waliwaelekeza wauguzi wa zahanati za mbali kwa redio ya upepo. Mtandao wa RAFT, unaoongozwa kutoka hospitali za chuo kikuu za Geneva, nao umewaunganisha kwa intaneti madaktari wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, Burundi ikiwemo.

Pingamizi la pili ni la mfuko: kama mwisho wake ni omeprazole, kwa nini nilipie maswali? Kwa sababu hata dawa ileile ina namna yake. Omeprazole inayomezwa baada ya kula, au siku ile tu tumbo linapouma, haifanyi kazi yake yote. Humezwa nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, kila siku, kwa wiki nne hadi nane, kisha mtu hutazamwa upya. Anayefunga Ramadhani aulize mapema: daktari atamwambia aimeze wakati gani kati ya futari na daku, na atamkumbusha kwamba sambusa tano juu ya tumbo tupu si mwanzo mwema wa usiku. Aliyeimeza miezi mingi akaacha ghafla anaweza kupata kiungulia kikali kuliko cha mwanzo, akadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni tumbo linalozoea upya. Mbaya zaidi, dawa hii hutuliza hata maumivu ya saratani changa, ikamchelewesha mtu. Mwaka mzima wa vidonge vya kununua kimojakimoja huweza kugharimu kuliko mazungumzo mawili na kipimo kimoja sahihi.

Wengine watasema: mambo haya ni ya Rohero na Kigobe, ya wenye simu kubwa na umeme usiokatika. Pingamizi hili lina uzito. Waburundi walio na intaneti ni wachache, na madaktari nchini hawafiki hata mmoja kwa watu 10,000. Lakini uchache huo ndio unaofanya kila safari isiyo ya lazima iwe hasara, hasa katika mji ambao esansi ikikosekana mabasi nayo hupotea barabarani. Mashauriano ya tumbo hayahitaji video. Simu ndogo ya vitufe na unite za dakika ishirini zinatosha, na daftari husomwa kwa sauti. Asiye na simu aazime ya ndugu, mradi namba ya kupokelea majibu ijulikane na siri ikubaliwe. Uliza bei kabla ya kuanza, uliza kama inajumuisha simu ya kufuatilia, na ulipie kwa Lumicash au EcoCash kwa jina la mtu au kituo unachokijua, ukiutunza ujumbe wa malipo. Mwenye bima ya kazini au kadi ya mutuelle aulize mapema kama ordonansi iliyotumwa kwa simu inakubaliwa, maana jibu hutofautiana.

Wasiwasi wa matapeli nao ni wa haki. Mitandao imejaa sauti za “kusafisha tumbo” na “kumaliza vidonda kwa siku saba”, na wengi wa wenye sauti hizo hujiita madaktari. Huhitaji elimu kubwa kuwatambua. Uliza jina kamili, anafanya kazi hospitali gani, na kama ameandikishwa katika baraza la madaktari la nchi yake, lile tunaloliita Ordre. Kisha piga simu hospitali aliyoitaja uthibitishe. Daktari wa kweli hachukii kuulizwa. Anayeuza dawa yake mwenyewe, isiyo na jina la kiambato, huku akikuharakisha kwa sababu bei inapanda kesho, mwache. Na siri yako itunze mwenyewe: usitume picha wala habari za ugonjwa kwenye kundi la mtaa ukitafuta ushauri, zitume kwa mtu mmoja aliyekubali dhamana.

Familia nyingi za hapa zina ndugu Ubelgiji au Kanada, na ndugu hao huwapatia daktari wa huko kwa simu. Ni msaada mwema, lakini daktari aliyesomea na kufanya kazi Brussels anaweza asifikirie kichocho wala minyoo, na anaweza kuandika dawa isiyopatikana Bujumbura. Mwambie unapoishi, maji unayooga na kunywa, na chakula chako kwa majina yake. Ikiwezekana, mkutanishe kwa simu na daktari wa hapa, mmoja awe mshauri na mwingine awe mwenye mgonjwa. Wagonjwa wanaopotea zaidi ni wale wenye madaktari watano kwenye simu, kila mmoja akijua kipande.

Jirani zetu wametuachia funzo la mwisho. Nchini Rwanda huduma ya Babyl ilianza mwaka 2016. Mtu alipiga *811#, akaongea na muuguzi kisha daktari, akapokea kwa SMS namba ya dawa au kipimo, na zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha. Hiyo inatosha kujibu anayesema Mwafrika hatakubali daktari wa simu. Lakini mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ilianguka, na Babyl ikafungwa. Funzo lake ni kwamba kumbukumbu za ugonjwa wako zisikae kwa mwingine peke yake. Mazungumzo yakiisha, andika kwenye daftari lilelile mambo manne: daktari anafikiri ni nini, amekupa dawa gani kwa siku ngapi, ni dalili gani itakayokupeleka hospitali, na tarehe ya kuongea tena. Daktari asipokutajia tarehe, iombe wewe. Wiki nne ni muda wa kutosha kujua kama njia ni sahihi. Vikipita vipindi viwili vya namna hiyo bila nafuu, simu imefanya kazi yake na sasa ni zamu ya kamera.

Tarehe hiyo ndiyo inayotofautisha tiba na kutuliza. Mtoto anayetumwa dukani hana tarehe ya kurudi, hurudi maumivu yakimrudisha. Kwa hiyo kabla ya kutafuta namba ya daktari yeyote, anza na lile lisilohitaji unite wala umeme. Leo jioni, baada ya kula, andika saa, andika ulichokula, andika ulichomeza. Zikifika siku saba utakuwa na jibu la swali la kwanza la daktari, na utajua mara moja kama uliyempata ameliuliza.